Leaf ya Mtumba: Vijiti 12 vya Yadi, Uniti 14.6 za Tokeni

“Boss, hiyo kitu itachoma kompyuta ya gari. Baa ziko 12, unataka nini tena?”

Hayo ndiyo niliyoambiwa na muuzaji katika yadi moja ya magari kando ya Kiambu Road nilipotoa kisomaji cha Bluetooth ili nikichomeke chini ya usukani wa Nissan Leaf, gari la umeme. Alinishika mkono. Kisha akanigeuzia mgongo na kuanza kumhudumia mtu mwingine, kana kwamba nimekuja kuomba lifti. Kosa langu ni kwamba nilikirudisha kisomaji mfukoni na kulipa. Kisomaji kile hakichomi chochote. Kinasoma tu namba ambazo gari tayari linazo ndani, kwenye tundu lilelile ambalo fundi yeyote wa Grogan, mtaa wa gereji Nairobi, huchomeka mashine yake. Anayekukataza kusoma anajua utakachokisoma.

Vijiti, zile baa za muuzaji, ndivyo vinavyowaponza watu wengi. Kwenye dashibodi ya Leaf kuna safu mbili zinazokaa pamoja upande wa kulia. Vile vinene vinaonyesha chaji iliyopo sasa hivi, na vile vyembamba vya pembeni, 12 kwa jumla, vinaonyesha afya ya betri. Mnunuzi mgeni huona vinene vimejaa akafurahi, na hapo ameshaangalia safu isiyomhusu. Hata hivyo vyembamba havina mizani sawa. Kijiti cha kwanza hakidondoki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15 ya uwezo wake. Baada ya hapo kila kijiti ni kama asilimia 6. Kwa hiyo vijiti 12 vinaweza kumaanisha asilimia 99 au 86, na vijiti 8 maana yake umeshashuka hadi 66 hivi. Hayo ni kama vijiti ni vya kweli.

Vya kwangu havikuwa vya kweli. Kompyuta ya betri huweka kumbukumbu ya uwezo wake, na chombo cha uchunguzi cha karakana kinaweza kuifuta kumbukumbu hiyo. Kazi hiyo iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyebadilisha betri kihalali. Mtu wa yadi anaifuta bila kubadilisha hata seli moja. Vijiti vyote 12 vinarudi na gari linajiona jipya. Halafu kompyuta inaanza kujifunza upya kila unapochaji na kuendesha, na vijiti vinaanguka kimoja kimoja. Vinne vilianguka ndani ya miezi michache tu. Betri haizeeki namna hiyo. Uzee wa vijiti vinne ni wa miaka.

Ubaya mkubwa zaidi wa kufuta uko kwenye asilimia ya chaji. Kompyuta inahesabu umeme unaotoka kwa kuulinganisha na uwezo inaoamini uko ndani. Ikiamini kuna ampea-saa 65, kama betri mpya ya 24 (yaani uniti, au kilowati-saa, 24), ilhali zimebaki 43, itakwambia una asilimia 30 wakati seli zinakaribia kukauka. Ndivyo nilivyoachwa kwenye mwinuko wa Muguga nikielekea Limuru, jioni, malori yakinipita kwa honi. Dashibodi ilikuwa inasema 29%. Papo hapo taa ya onyo yenye picha ya kobe ikawaka, nguvu ikakatwa, na gari likatambaa hadi kando ya barabara.

Mlima ule una hesabu yake, na yeyote anayepanga kuishi na Leaf Nairobi aijue. Kutoka Westlands hadi Limuru unapanda karibu mita 500. Gari la tani moja na nusu linahitaji kama uniti 2 za umeme kwa kule kupanda pekee, mbali na zile za kusogea mbele. Betri yenye uniti 14 imeshapoteza sehemu ya saba. Ukirudi, breki za umeme hukurejeshea sehemu ya hizo, si zote. Mtu anayeishi Limuru au Ngong asichaji hadi 100% usiku kisha aanze siku kwa kuteremka, kwa sababu betri iliyojaa haina mahali pa kupokea umeme wa breki, na ule mteremko wote unapotea bure kwenye breki za kawaida. Achie 85% hivi.

Ile namba ya kilomita inayoonyeshwa na dashibodi usiiwekee imani. Inakisia kutokana na ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Ukiwa umetambaa kwenye foleni ya Waiyaki Way itakuahidi kilomita nyingi, kwa sababu gari la umeme karibu halipotezi kitu likisimama. Ingia Expressway kwa kasi ya 80 na namba inayeyuka. Ninatumia hesabu hii badala yake: betri ya 24 ikiwa mpya ilitoa kama uniti 22 za kutumika. Zidisha kwa afya yake, kisha zidisha kwa kilomita 6.5 kwa kila uniti ukiwa mjini, au 5.5 ukiwa barabara kuu kwenye kasi ya 90 hadi 100. Toa moja ya tano ya akiba. Afya ya 66% inakupa uniti 14.5, kilomita 94 mjini, na ukiweka akiba unabaki na 75. Muuzaji aliniambia 160. Alizitoa wapi, hata hakujishughulisha kueleza.

Nilipochomeka kisomaji nyumbani, programu ya simu ya LeafSpy ikasema yote. Hii ndiyo njia. Nunua kisomaji kizuri cha OBD (lile tundu la uchunguzi chini ya usukani), si kile cha bei ya chai chenye chipu bandia ambacho hukatakata mawasiliano. Washa gari mpaka taa ya kijani ya tayari iwake, fungua programu, na uangalie mambo manne. La kwanza ni SOH, afya kwa asilimia. La pili ni ampea-saa: betri ya 24 ikiwa mpya ina 65 na ushei, kwa hiyo 43 ni 66%. La tatu ni Hx, inayoeleza jinsi betri inavyotoa nguvu bila kuzuiwa na upinzani wake wa ndani, nayo ikiwa chini sana gari litashusha volti kila ukikanyaga mafuta (samahani, mazoea, ukikanyaga umeme). Leaf ya miaka tisa inayokusomea 99% kila mahali, ampea-saa kama ya kiwandani, haina betri ya muujiza. Imefutwa juzi.

La nne ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na ndilo halifutiki: grafu ya volti za seli. Kuna jozi 96 za seli zilizofuatana, na gari zima linaongozwa na ile iliyo dhaifu kuliko zote. Moja ikifika chini, kobe anatokea hata kama 95 zilizobaki bado zina nguvu. Betri ikiwa imejaa, jozi zote huonekana mabinti wa baba mmoja, tofauti ya milivolti 10 au 20. Ndiyo maana yadi huyaacha magari haya yamechomekwa waya mchana kutwa. Taka gari likiwa na chaji chini ya 30%. Liendeshe, kanyaga kwa nguvu kwenye kipando, abiria akishika simu aangalie grafu. Jozi moja ikizama milivolti 100 au zaidi chini ya wenzake, umeipata seli mbovu. Langu zilikuwa mbili, za moduli moja, yaani kifurushi kimoja cha seli.

Na kama hutaki programu wala kisomaji, unayo mita ya tokeni ukutani, ambayo muuzaji hawezi kuigusa. Uniti moja ya stima ni kilowati-saa moja, hakuna ujanja. Endesha gari taratibu karibu na nyumbani mpaka ile namba ya kilomita igeuke kuwa vistari vitatu. Hapo zimebaki kama uniti 2 ndani ya betri, na hatuanzii kwenye asilimia kwa sababu kwenye gari lililofutwa asilimia nayo ni ya kubahatisha. Zima friji, hita ya bafu, kila kitu, au ufanye usiku watu wamelala. Andika uniti zilizobaki kwenye mita. Chomeka gari na uliache mpaka lijikate lenyewe. Andika tena.

Langu lilikula uniti 14.6. Kuchaji kwa soketi ya kawaida hupoteza kama asilimia 15 kwa joto la chaja na waya, kwa hiyo zilizoingia ni 12.4. Ongeza zile 2 zilizokuwa chini ya vistari: 14.4. Gawanya kwa 22. Asilimia 65 na nusu. LeafSpy, baada ya kompyuta kujifunza upya, ilisema 66. Leaf hiyohiyo ikiwa mpya ingekula 23 na ushei. Mita ya Kenya Power ilinieleza ukweli kuliko mtu aliyevaa tai.

Kuhusu soketi nitasema kwa kifupi lakini msikie. Ampea 10 kwenye volti 240 ni kilowati 2.4, saa sita au saba mfululizo. Ekstenshoni ya supamaketi haikuundwa kwa kazi hiyo, huyeyuka kwenye plagi. Weka soketi yake peke yake, waya wa milimita mraba 4 moja kwa moja kutoka kwenye boksi la fyuzi, na ethi iliyopimwa. Gusa plagi baada ya saa moja. Ikiwa moto wa kutoshikika, zima.

Sasa haki yake gari. Nilikaa chini kuandika kwamba asinunue mtu, na nilikuwa nimedhamiria. Lakini gari lenyewe halina kosa. Betri ya Leaf haina upoozaji wa maji wala feni, inategemea hewa inayopita tu, na ndiyo sababu katika joto la Arizona zilianza kupoteza vijiti mapema na wenyewe wakalalamika mwaka 2012. Nairobi ni mji wa baridi ya wastani, juu ya mita 1,600, na betri ya namna hii inapenda hali kama yetu kuliko ya Mombasa. Mtu akilitunza, asiliache limejaa pomoni siku tatu juani, asiliache tupu wiki nzima, upotevu huenda polepole. Matairi yakae psi 36. Julai ikifika, washa kiti cha joto kabla ya hita, maana hita ya gari hili inavuta kilowati kadhaa na kiti hakifiki hata wati mia. Kwa safari za Kasarani hadi mjini na kurudi, kilomita 30 na kitu, asilimia 66 inatosha na inabaki. Kwa bei ya asilimia 66! Hapo ndipo hasira inaponirudia. Nililipa bei ya vijiti 12.

Ile moduli mbovu ilibadilishwa. Betri ya 24 ina moduli 48, na unayoweka lazima ilingane na zilizobaki kwa uwezo na kwa volti. Ukiweka mpya kabisa katikati ya wazee haikuongezei kilomita, wazee ndio watakaoamua. Fundi atakayefungua aanze kwa kuchomoa plagi ya usalama iliyo sakafuni nyuma, asubiri angalau dakika 10 chaji ya ndani itulie, na avae glavu za umeme za volti 1,000. Kuna volti 360 na zaidi mle ndani, na waya zote za rangi ya machungwa zinaua. Akikwambia amezoea kwa mikono mitupu, ondoka na gari lako. Baada ya kubadilisha, kobe hatokei tena kwenye 29%. Limuru ninafika, nikitoka nyumbani nimejaza.

Nilimpigia yule muuzaji. Sikutaka hata pesa zote, nilitaka akiri. Akasema, “Lakini si gari inatembea?” Akakata simu. Kwa hiyo gari ninalipatia alama nne kati ya tano, na wiki nyingine ninalipatia tano. Yadi ile sina alama ya kuipa.

Juzi nimepita tena Kiambu Road. Zipo Leaf nyingine mbili palepale mbele, nyeupe na ya buluu, zote zimechomekwa waya mchana. Ukienda kuziangalia, waambie wazichomoe, urudi kesho zikiwa kwenye 25%.