Nimeweka postmarketOS kwenye simu ya 2015, haya ndo niliyokutana nayo

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine hamfikagi mwisho: kama unatafuta simu ya kupigia na kuchati, achana na postmarketOS, huu mfumo wa Linux unaowekwa kwenye simu badala ya Android. Ila kama una simu ya zamani imelala kwenye droo, kioo kizima na chaji inakaa kaa, weka hata leo. Kama simu naipa nyota 1, kama kompyuta ndogo naipa 4.

Yangu ina chipu ya Snapdragon 410, RAM 2GB, apdeti za Android ziliisha kitambo na apu zikawa zinaikataa moja moja. postmarketOS ni Linux kabisa, sio Android iliyovalishwa nguo mpya kama LineageOS. Imejengwa juu ya Alpine, toleo jepesi la Linux, mradi ulianza 2017 na lengo lao ni simu iishi miaka 10.

Kuandaa sio kugumu kama watu wanavyotishana. Kuna programu yao inaitwa pmbootstrap, unaiendesha kwenye kompyuta yenye Linux, inakuuliza simu ya kampuni gani, modeli gani, unataka mwonekano gani, halafu inajipikia yenyewe we endelea na mambo yako. Kufungua butloda, ile programu inayoamsha mfumo simu ikiwashwa, kunafuta kila kitu, picha zote kwaheri, hilo lijue mapema. Na kuna kitu wengi wanaruka: nakili kwanza partisheni (vipande vya hifadhi) za modemu zinazotunza IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ukizipoteza hizo laini inaweza isisome tena hata ukirudisha Android. Mi nilizihifadhi sehemu mbili kwa uoga tu.

Sasa kasheshe. Nikaflashi, yaani nikaandika kwenye hifadhi ya simu, lk2nd, ile butloda ndogo inayokaa juu ya ya kiwandani, simu nyingi za chipu hii ndo njia yake, nikaflashi mfumo, nikawasha. Kioo cheusi tii. Nasubiri, cheusi. Nikachomoa betri nikarudisha, nikabadilisha kebo, nikaanza kujilaumu, nikasema basi nimeua simu. Nilikuwa naikunja kebo ndo nikakumbuka mfumo huu ukiuchomeka kwa USB unajifanya kadi ya mtandao, nikajaribu ssh (kuingia kwa amri kutoka kompyuta) kwenda 172.16.42.1, anwani ya simu, na mara ikaniuliza paswedi! Muda wote ule ilikuwa hai, inafanya kazi zake gizani, mimi huku nishaizika.

Kumbe modeli hiyohiyo moja kiwandani inafungwa vioo vya watengenezaji tofauti, na keneli, kiini cha mfumo, lazima iambiwe hiki ni kipi na kinaamshwa kwa amri zipi. Android ya mwanzo ilikuwa inavijua vyote. Mimi kwa uvivu nilichukua lk2nd ya zamani niliyokuwa nayo kwenye kompyuta ambayo kioo changu haikijui kabisa, makosa yangu mwenyewe. Nilipoweka mpya ikakitambua, nembo ikatokea, nikapiga kelele mpaka wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini.

Waifai safi, bluetooth safi, tachi safi, hata michoro inateleza maana Adreno, sehemu ya chipu inayochora, ina draiva (programu ya kuiendesha) huria nzuri. Phosh, mmoja wa mionekano ya kuchagua, ni nzuri kwa macho ila kwa RAM 2GB inaburuza, fungua Firefox na tabo tatu uone simu inavyohema. Nikahamia Sxmo, mwonekano mwingine, menyu zake unaziendesha kwa vitufe vya sauti na cha kuwashia, siku mbili za kwanza utaitukana, ya tatu vidole vishazoea.

Kamera hamna. SMS zinaingia, data ya laini ipo, ila kupiga simu kwangu unaongea peke yako. Siwalaumu sana wa mradi, draiva za vitu hivi kwenye simu nyingi zilifungiwa na waliozitengeneza, wanaojitolea wanapapasa modeli moja moja. Ndo maana Ubuntu Touch, mfumo mwingine wa Linux wa simu, kwenye simu nyingi inabakiza keneli na draiva za Android chini, kamera inawaka, ila unakuwa umeganda na keneli ya enzi simu ilipotoka. Mi nimechagua keneli mpya inayopata marekebisho ya usalama, kamera ninayo kwenye simu nyingine.

Chaji nayo, ikilala hailali kweli, inakula kama iko macho. Kwa hiyo nimeiweka karibu na ruta kwenye chaja, inatunza nyimbo na inasawazisha mafaili kwa Syncthing, na kila wiki naikagua betri mgongoni maana ikianza kuvimba haina mjadala, inatoka. Apdeti naziingiza kwa ssh nikiwa nimekaa zangu. Na kile kioo nilichokihangaikia usiku mzima, siku hizi nakizima makusudi.