Kabureta mbili za SU kwenye MGB: nizitupe au nizitunze?

Watazamaji wangu, habari za jioni, na karibuni tena katika gereji yetu hapa Tabora. Mezani nimetandaza gazeti la jana, na juu yake zipo kabureta mbili za SU, aina ya HS4, yaani vifaa vinavyochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, nilizozifungua leo asubuhi kutoka kwenye MGB ya mwaka 1968. Kwa mgeni wa kipindi hiki, MGB ni gari dogo la michezo la Kiingereza, la viti viwili, lililoanza kuuzwa mwaka 1962 na kuendelea kutengenezwa katika mji wa Abingdon hadi mwaka 1980. Hili langu ninaliandaa kwa ajili ya mbio za kushindana na saa, ambazo sisi wachache tunazifanya kwa pesa zetu wenyewe kwenye barabara ya changarawe ndani ya shamba la tumbaku la rafiki yetu, gari moja baada ya jingine.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwa nini sijazitupa kabureta hizi nikafunga kabureta moja kubwa ya kampuni ya Weber, aina ya 45 DCOE, kama wafanyavyo wengi wanaotafuta kasi. Swali hilo ni la haki. Hata magari ya MGB ya timu ya kiwanda yalifungwa Weber ya aina hiyo yalipokwenda mashindanoni, na mwaka 1963 moja kati yake, lililoendeshwa na Paddy Hopkirk na Alan Hutcheson, lilimaliza mbio za saa 24 za Le Mans, kule Ufaransa, likiwa la 12, ingawa Hutcheson alilizamisha mchangani na kulazimika kulichimbua kwa mikono yake. Kwa hiyo sitawaambia kwamba Weber ni mbaya. Nitawaonesha kwa nini, kwa mtu aliyeko Tabora na asiye na fundi wa kiwanda nyuma yake, SU ndiyo kabureta ya kubaki nayo, na pia mahali ambapo nusura initie hasara kubwa.

Nasogeza kamera karibu. Herufi SU zinatokana na Skinners Union, yaani ndugu wa ukoo wa Skinner waliobuni kabureta hii, na kampuni yao ilisajiliwa mwaka 1910. Kabureta nyingi zina koo la upana usiobadilika, lakini hii hubadilisha upana wake yenyewe. Ndani ya kengele hii ya alumini kuna pistoni ambayo hupanda kwa kufyonzwa na injini, na chini ya pistoni imefungwa sindano hii ndefu, iliyochongwa ikawa nyembamba kadiri inavyoelekea nchani, ambayo huingia kwenye tundu la jeti, yaani kijibomba kinachotoa petroli. Injini ikitaka hewa zaidi, pistoni hupanda, sindano huinuka pamoja nayo, na kwa kuwa sehemu inayobaki ndani ya jeti ni ile nyembamba, petroli hupata nafasi kubwa zaidi ya kupita. Ukiishika mkononi unaona sindano moja, jeti moja na pistoni moja, na karibu kazi yote imeishia hapo.

Sasa linganisheni na Weber. Ndani yake kuna jeti kuu, jeti ya hewa, jeti ya mwendo mdogo, mirija ya kuchanganyia na koo za kubadilisha, na vyote hivyo viwili viwili. Mji wetu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini hii ya sentimita za ujazo 1,798, ambayo kiwanda kiliitangaza kuwa na nguvu za farasi 95, hapa hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu hizo kabla hujagusa chochote. Weber iliyopangwa kwa hewa ya pwani itamwaga petroli nyingi kupita kiasi huku kwetu, na kuirekebisha kunahitaji boksi la jeti ambazo zitakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, kama zitapatikana. Kwenye SU, marekebisho hayo unayamaliza kwa kuzungusha nati hii ya chini, yenye pande sita. Nilipolipeleka gari Kigoma, ambako ufuko wa ziwa uko chini yetu kwa mita mia nne na ushee, nililegeza nati kwa upande mmoja kati ya sita kwa kila kabureta nikiwa nimechuchumaa chini ya mwembe, kisha nikaendelea na chai yangu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Silinda hedi ya injini hii ina milango miwili tu ya kuingizia hewa, kwa hiyo silinda ya kwanza na ya pili zinakula mlango mmoja, ya tatu na ya nne mlango wa pili. Sifa kubwa ya Weber za michezo ni kuilisha kila silinda kwa koo lake, na sifa hiyo hapa haipatikani hata ukilipa bei ya ng'ombe wawili. Nguvu zitaongezeka kidogo juu kabisa, kwenye mizunguko mikubwa, mahali ambapo kwenye changarawe yetu yenye kona kila mita mia sifiki mara nyingi.

Upimaji wa SU ndio unaonifurahisha. Mnaanza kwa kupandisha jeti hadi iwe sawa na daraja, yaani sakafu ya koo chini ya pistoni, kisha mnaishusha pande 12 za nati, yaani mizunguko miwili kamili. Mnaliwasha gari mpaka lipate moto wa kawaida. Mnachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, mnasikiliza mlio wa hewa, halafu mnahamia ya nyuma, na kurekebisha mpaka milio miwili ifanane. Kijana wangu wa gereji huniita daktari nikifanya hivyo, nami sikatai. Baada ya hapo, chini ya kila kabureta kuna pini hii ndogo, ionekane vizuri, ambayo ukiisukuma juu huinua pistoni kidogo sana, chini ya milimita moja. Injini ikipandisha mlio na kubaki huko juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, petroli haitoshi. Ikipandisha kwa muda mfupi kisha ikarudi kama ilivyokuwa, acha, usiguse tena.

Juu ya kengele kuna kifuniko chenye kijiti ambacho huogelea ndani ya oili, na kazi ya oili hiyo ni kuizuia pistoni isiruke unapokanyaga ghafla. Ijazeni hadi iwe takriban milimita 13 juu ya kishimo cha pistoni. Nimeona watu wakitia oili ya giaboksi, nzito kama asali ya misitu yetu, wakidhani joto la Tabora linaihitaji, kisha wanalalamika kwamba gari linajikwaa wanapotoka kwenye kona. Oili nyepesi ya injini inatosha.

Nimalize upande wa sifa kwa onyo dogo: kengele na pistoni yake vilichongwa pamoja kiwandani, kwa hiyo msibadilishane kati ya kabureta mbili kama vifuniko vya sufuria, wala msivisugue kwa msasa. Petroli na kitambaa laini vinatosha.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni ekseli hii ya kipepeo cha hewa, yaani kibati kinachofungua njia ya hewa unapokanyaga mafuta. Niishike hivi, mnaona inavyocheza juu na chini? Mchezo huo unavuta hewa isiyopitia kwenye jeti, na pamoja na hewa hiyo unavuta vumbi, kwa hiyo gari halitulii likiwa halijakanyagwa mafuta na hakuna nati itakayolitibu. Vumbi letu jekundu humaliza ekseli hizi haraka. Niliagiza pakiti ya matengenezo kutoka kwa muuzaji mmoja mtandaoni, nauli yake ikazidi bei ya mzigo, na ilipofika nikakuta sindano mbili zenye alama tofauti ndani ya mfuko mmoja. Alama huwa imepigwa kwenye shina la sindano, nyembamba mno, kwa hiyo isomeni kwa kioo cha kukuzia kabla ya kufunga, la sivyo silinda mbili zitakula na mbili zitafunga. Bushi za ekseli hatimaye nilichongewa na mzee mmoja mwenye mashine ya kerezo hapa hapa mjini, kwa shaba nyeusi, na zimekaa vizuri kuliko zile za kwenye pakiti.

Vichujio vya hewa msiviondoe. Najua picha za Ulaya zinaonesha midomo ya kabureta ikiwa wazi, inang'aa, inapendeza. Huko wanakimbia juu ya lami. Mimi nilikimbia wazi asubuhi moja, na nilipofungua kengele jioni nikakuta mstari mwekundu umezunguka pistoni kama hina.

Kasoro ya pili ndiyo iliyoniogopesha. Kwenye injini hii kabureta na ekzosi viko upande mmoja, kabureta zikiwa juu ya bomba la moto, na kati yake kuna bati la kukinga joto tu. Mwezi uliopita, nikiwa nimesimama nasubiri zamu yangu, punje ya uchafu ilikwama kwenye sindano ya boya la kabureta ya nyuma, ile inayofunga petroli bakuli linapojaa, bakuli likafurika, na petroli ikaanza kumwagikia chini. Nilinusa kabla sijaona. Nilizima swichi kuu ya betri, pampu ikanyamaza, na kilichotuokoa ni mrija wa kufurikia ambao nilikuwa nimeurefusha ukapita pembeni mbali na ekzosi. Aliyelikarabati gari hili kabla yangu alikuwa ameutoa mrija huo kwa sababu aliuona hauna kazi. Basi ujueni, ukubwa wake ni wa kidole cha mtoto, na bila huo leo ningekuwa nachambua majivu. Tangu siku hiyo nimefunga chujio la petroli kabla ya kila bakuli, swichi kuu iko mahali ambapo mtu aliye nje anaifikia, na kizima moto kimekazwa kwa bolti sakafuni karibu na kiti, si kwa kamba. Anayefunga Weber asidhani ameepuka jambo hili, kwani nayo hukaa juu ya bomba lile lile.

Kwa hiyo alama zangu ni hizi: urahisi wa kutengeneza, tisa kati ya kumi, nguvu za juu kabisa, sita, uvumilivu wa vumbi, tano, na nne kama ekseli ni za zamani. Ningekuwa nakimbia kwenye lami, nikiwa na mashine ya kupimia nguvu karibu na mkoba mzito, ningefunga Weber bila kujadili. Kwa fedha ambayo ningenunulia Weber nimebadilisha mipira yote ya breki, pedi za mbele na rejeta, na kwenye mzunguko wetu nimepunguza sekunde nne, nyingi zikitoka kwenye breki.

Nimezifunga tayari, na kijana amerudisha betri. Kabla ya stata, sikilizeni nyuma ya viti: hiyo pampu ya umeme inagonga haraka haraka kwa sababu mabakuli ni matupu. Sasa inapunguza. Imenyamaza. Boya zimefunga, hakuna kinachovuja. Sogea na taa, kijana, tuwashe.