Uzoefu wangu katika monasteri ya Saint-Martin-du-Canigou, milima ya Pyrenees

Anayekusudia kuitembelea monasteri ya Saint-Martin-du-Canigou, iliyoko kusini mwa Ufaransa karibu na mpaka wa Hispania, namshauri apande kwa miguu. Njia inayotoka kijiji cha Casteil ni ya mwinuko mkali na hupita msituni kwa zaidi ya nusu saa, lakini ni kwa kuipanda ndipo mtu anapotambua jinsi mwamba uliobeba majengo hayo ulivyo mwembamba.

Sisi tunaowafahamu Wabenedikto kwa Peramiho na Ndanda, ambako majengo yao yametandaa pamoja na shule, hospitali na karakana, tunastaajabu kuona watawa wa shirika hilohilo walivyojibana hapa. Kwa kuwa nafasi haikuwepo, wajenzi walipandanisha makanisa mawili. La chini, la Bikira Maria, lina dari fupi na giza. La juu, la Mtakatifu Martin, limefunikwa kwa matao marefu ya mawe yanayobebwa na nguzo nyembamba kuliko nilivyotarajia. Kanisa liliwekwa wakfu mwaka 1009, wakati makanisa mengi ya Ulaya yakiwa bado na dari za mbao, na ujasiri huo ndio ulionigusa kuliko yote. Guifred, mtawala wa Cerdanya aliyeianzisha monasteri, aliacha madaraka akawa mtawa humohumo.

Ua wa ndani, wenye vibaraza vya matao na vichwa vya nguzo vya marumaru vilivyochongwa wanyama na watu, unapendeza sana, ila mgeni ajue kwamba sehemu yake ni kazi ya karne ya 20. Tetemeko la mwaka 1428 liliharibu majengo, kisha watawa walipoondoka katika karne ya 18 mawe yakachukuliwa na kutawanyika, mpaka Askofu Carsalade du Pont alipoanza ukarabati mwaka 1902 na kurudisha baadhi yake. Nilifurahi kwamba kiongozi wetu alilieleza jambo hilo waziwazi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kanisa la chini ndilo linalostahili muda mwingi zaidi.

Mahali hapa panaishi jumuiya ya sala, hivyo wageni huingia kwa makundi yenye kiongozi na hutakiwa kutunza ukimya. Asiyejua Kifaransa ajisomee historia kabla ya kwenda, na kabla ya kushuka afuate kijia kinachopanda juu ya monasteri, kwani kutoka huko makanisa, ua na mnara wa kengele huonekana vyote kwa pamoja.