AA au SMART Recovery: uanzie wapi?

AA (Alcoholics Anonymous), jumuiya ya watu wanaosaidiana kuacha pombe, ilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Sharti lake ni moja: uwe na nia ya kuacha kunywa. Ada hakuna, mchango hupitishwa, na asiye nacho haulizwi. Unajitaja kwa jina la kwanza tu, na usipotaka kusema unasikiliza hadi mwisho. Mwongozo ni hatua 12, na humo Mungu anatajwa, ingawa kila mtu huachiwa amwelewe kwa namna yake. Kwangu mimi, nguvu ya AA ni mlezi: mwenzako aliyeacha kabla yako, unayeweza kumpigia saa mbili usiku njia ya kwenda baa inapoanza kukuita.

SMART Recovery, jumuiya nyingine ya kusaidiana kuacha pombe, ya mwaka 1994, haina mlezi wala hatua. Kikao huongozwa na mtu aliyepata mafunzo, na mnajifunza mbinu, kama kuandika faida na hasara za kunywa na za kuacha. Asiyependa lugha ya kiroho atapumua hapa. Ila vikao vyake vya intaneti vingi ni vya Kiingereza, na bando linaliwa.

Ningekuwa Nairobi ningeanza na AA, kwa kuwa mikutano ya ana kwa ana ipo. Ukienda mara ya kwanza, chagua mkutano wa wazi. Hata ndugu yako anaruhusiwa kukusindikiza. Na kama unakunywa sana kila siku, muone daktari kabla ya kuacha: kukata pombe ghafla kunaweza kuleta degedege.