Mtambo wa baiogesi wa mfuko: nyota 3 kwa 5, na sababu ninazo

Nimekaa na huu mtambo miezi saba sasa. Nina kibanda cha chakula huku Uthiru, chapo madondo, wali, ugali, na taka za jikoni zilikuwa zimenichosha, sasa jamaa wa mauzo akaja na mfuko wake mweusi akaniambia mama weka chochote kinachooza, kitakutolea gesi ya kupikia, nikaona hapa nimepata. Kampuni siitaji, fundi wao ni mtu poa, shida ni huyo wa mauzo.

Mwanzo ulikuwa mtamu, moto wa buluu, maharagwe yanatokota, mtungi wa gesi nimesahau. Halafu Julai ikafika na ile baridi yetu mnaijua, na mimi kwa tamaa nikaanza kumwaga ndoo mbili badala ya moja, ugali uliolala, wali, maganda ya viazi. Siku ya nne jiko halishiki. Mfuko umefura mpaka unataka kupasuka lakini ukiwasha kiberiti kinazima tu, na pale maji yanapotokea ni harufu ya siki na siagi iliyochacha, aki majirani walininunia.

Fundi akachovya kakaratasi ka kupima asidi, kakasoma pH 5 na kitu, na hiyo namba ikishuka ndiyo asidi inazidi. Akacheka. "Mama, hapa hujapika gesi, umepika asidi." Kumbe ndani mle kuna bakteria wa kwanza wanaovunja chakula wanatoa asidi, asetiki ambayo ndiyo ya siki, propioniki, na butiriki ndiyo hiyo inanuka siagi, alafu wako wengine wanaomalizia kazi mpaka inakuwa methani, ndiyo gesi yenyewe inayowaka. Wa kwanza wana mbio, hawa wa mwisho ni wapole, baridi hawataki, na pH ikishuka chini ya 6.5 wanaanza kugoma. Ukishindilia wanga asidi inarundikana, na hewa iliyojaza mfuko wangu ilikuwa kaboni dayoksaidi kwa wingi, itawaka aje?

Kilichonishangaza ni kwamba kuna watu wanaitafuta hiyo hali, wanawazuia hao wa methani makusudi ili wavune asidi, inatengeneza kemikali na hata plastiki za kuoza, ingawa kuitenganisha na maji ndiyo kazi na ndiyo pesa. Nikamwambia fundi basi waje na mitungi, asidi mimi ninazo za kugawa.

Tiba ilikuwa kuacha kulisha kabisa, chokaa kidogo kidogo, na samadi mbichi nilibebewa kutoka Dagoretti. Wiki tatu nimerudi kwa makaa, hiyo hasara nani analipa?

Mfuko wenyewe haujavuja hata siku moja na maji yake yanastawisha sukuma za jirani vizuri sana. Nyota mbili nimekata kwa sababu kikaratasi cha maelezo hakisemi popote ni ndoo ngapi kwa siku. Mimi sasa ni ndoo moja, ugali nampa mwenye nguruwe, na hako kakaratasi ka kupima nakachovya kila Jumatatu.