Uzoefu wangu na Mystic Messenger: Jumin Han, mchumba aliyenichukiza kuliko wote

Nimeicheza njia ya Jumin Han, yaani hadithi ya mapenzi naye katika mchezo wa simu wa Mystic Messenger, mara tatu, na mara mbili kati ya hizo niliishia pabaya. Kila ninapomtaja mbele ya wenzangu wanaoucheza mchezo huu, jibu ni lile lile: mwanamume huyo hafai, na haieleweki kwa nini watengenezaji walimweka miongoni mwa wachumba. Nakubaliana nao kwamba hafai. Ninachotaka kueleza, kwa urefu kidogo, ni kwamba kutofaa kwake ndiko kulikonifanya niuheshimu mchezo huu, na ni huko huko nilikoona umeteleza.

Kwa asiyeujua, Mystic Messenger ni mchezo wa simu uliotoka mwaka 2016, kazi ya studio ya Cheritz ya Korea Kusini. Wewe ni mtu aliyeingia kwenye programu ya kuchati na kujikuta katikati ya watu watano wanaoandaa hafla za hisani chini ya jina la RFA. Kwa siku 11 zinazokwenda na saa ya simu yako, vyumba vya gumzo hufunguka asubuhi, mchana, jioni na hata saa 9 usiku. Ukilala, gumzo linapita bila wewe, na ukitaka kurudi na kulishiriki unalipa kwa saa za mchanga, ambazo ndizo fedha za mchezo. Siku 4 za kwanza ni za wote. Kuanzia siku ya 5 unaingizwa kwenye njia ya mmoja wao, kufuatana na mioyo uliyoipata kutokana na majibu yako. Zen mwigizaji, Yoosung mwanafunzi na Jaehee msaidizi wa ofisi wako wazi tangu mwanzo, lakini Jumin na mdukuzi anayeitwa 707 wamo katika sehemu ya pili, ambayo hufunguliwa kwa saa za mchanga 80. Mimi nilizikusanya taratibu kwa kuchati kwenye njia za wengine, na nadhani hilo lilinisaidia, kwa sababu nilipofika kwa Jumin nilikuwa tayari nimemwona kwa macho ya wenzake. Kiswahili hakimo, nilisoma kwa Kiingereza huku nikisikiliza sauti za Kikorea, na baada ya siku mbili tatu sauti ile nzito, isiyopanda wala kushuka, ilikuwa imenikaa masikioni.

Jumin ni mrithi wa kampuni kubwa ya baba yake. Hana dhiki ya kitu chochote, huongea kama anayesaini barua, na mapenzi yake yote ameyaweka kwa paka mmoja mweupe aitwaye Elizabeth wa 3. Baba yake hubadilisha wanawake, na aliye naye sasa amekula njama ya kumwoza Jumin kwa msichana anayeitwa Sarah, kwa ajili ya mali. Mchezo unatueleza haya ili tuelewe kwa nini mtu huyu hamwamini mwanamke yeyote, na kwa nini akimpata mmoja wa kumwamini anamshika kama anayezama maji. Yeye mwenyewe husema kuwa ndani yake mna nyuzi zilizojisokota ambazo hajui pa kuanzia kuzifungua. Maneno hayo yalinigusa, na ndiyo yaliyonitega.

Kinachofuata ndicho kinachowafanya watu wamchukie. Unafika kwake, kwenye makazi yake ya juu kabisa ya ghorofa, na kwa hofu ya kumpoteza paka anamweka tunduni. Paka akishapotea, hofu ile yote inakugeukia wewe. Hutakiwi kuondoka. Walinzi wapo, kila kitu kinaletwa, na sababu anayoitoa ni usalama wako, kwa kuwa ni kweli kuna mtu anayeingilia programu ile na nyumba uliyokuwa unakaa si salama. Hapo ndipo waandishi walipoonyesha ufundi. Wangempa uongo, ningemkataa siku hiyo hiyo. Walimpa sababu ya kweli, akaitumia kufanya jambo lisilo haki, na ndivyo wanavyofanya wanaume wengi ninaowafahamu wanaowafungia wake zao: hawakosi sababu, na mara nyingi sababu yenyewe ina ukweli ndani yake.

Kwetu tuna usemi wa mwanamke kuwekwa ndani. Maana yake ni kuchukuliwa na mwanamume ukakae kwake, na husemwa kwa fahari, hasa mwanamume akiwa na uwezo. Maneno hayo hayo hutumika kwa mtu aliyekamatwa na polisi. Nimeyatumia maisha yangu yote bila kuyasikia vizuri, na niliyasikia usiku ule nilipokuwa nasoma gumzo ambalo Zen anapiga kelele kwamba haiwezekani mtu kumzuia mgeni ndani, naye Jumin anajibu kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeulizwa kuhusu ratiba ya mkutano.

Nieleze usiku huo wenyewe. Nilikuwa chini ya chandarua, mwanga wa simu nimeupunguza nisimwamshe mwanangu, kengele ikiwa imenitoa usingizini dakika chache kabla. Jumin alikuwa amezidiwa, na chini ya kioo yalikuja majibu mawili ya kuchagua. Moja lilikuwa la kumtuliza, la kukubali kukaa kwa muda wowote atakaopenda. La pili lilimwambia kwa upole kwamba hofu yake ni yake, na kwamba mimi nina kwangu. Kidole changu hakikusita hata kidogo. Nilimtuliza. Nilifanya hivyo tena kwenye gumzo lililofuata, na tena kwenye simu aliyonipigia, kwa sababu nimelelewa nikiambiwa kwamba mwanamume mwenye uchungu hajibiwi, hutulizwa. Mioyo yake ilikuwa inaruka juu ya kioo, nami nikaamini nimo kwenye mstari. Sikuifikia siku ya hafla. Hadithi ilikatikia mle mle ndani, Jumin akiwa ameridhika kabisa na mimi nikiwa nimechukua nafasi ya paka.

Nilikaa na simu mkononi kwa muda. Michezo mingine ya mapenzi niliyowahi kuicheza huwa na hesabu moja: mpe mchumba anachotaka kusikia, utampata. Katika njia hii, hesabu hiyo ndiyo inayokuangamiza. Kila ukimkubalia unampa kichwa, na kila ukimpa kichwa anakubana zaidi, mpaka unajikuta huna tena la kuchagua. Anayefika mwisho mwema ni yule anayebaki naye bila kumwogopa na bila kumwabudu, anayemwambia kwamba kumpenda mtu na kummiliki ni mambo mawili. Ukimkaripia tu na kumpa kisogo hufiki popote pia. Jibu linalotakiwa ni gumu kuliko yote mawili, na nililazimika kusoma kila sentensi mara mbili kabla ya kubonyeza. Sijui mchezo mwingine wa simu ulionifanya nipime maneno yangu namna hiyo.

Wifi yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kuucheza, hakubaliani nami hata kidogo. Nilipomsimulia aliniambia, "Wifi, mtu anayekufungia mlango humfundishi mapenzi. Unamkimbia." Nilimjibu kwamba ni mchezo tu, naye akasema kwamba ndiyo sababu anaogopa, maana msichana wa miaka kumi na sita akiucheza anaweza kuondoka na imani kwamba ukichagua maneno sahihi, mwanamume wa namna hiyo hubadilika kwa siku 11. Sikuwa na jibu siku ile. Hata sasa nadhani ana haki kubwa katika hilo, na ndiyo maana naomba atakayempa mwanawe simu yenye mchezo huu aucheze kwanza yeye mwenyewe, hasa miisho mibaya ya Jumin, ambayo imegusa utumwa wa mapenzi kwa namna isiyowafaa watoto.

Hata hivyo simkubalii wifi kwamba wachumba wenye madoa waondolewe. Nilishawahi kucheza Dragon Age II ya mwaka 2011, kazi ya BioWare ya Kanada, kwenye kompyuta ya kaka yangu, na humo yumo Anders, mganga anayewatibu maskini bure, ambaye unaweza kumpenda kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anakuomba umsaidie kutafuta vitu fulani akidai ni dawa ya kumtenganisha na roho aliyemo ndani yake. Anakudanganya, na mwishowe analipua kanisa kuu la mji wa Kirkwall pamoja na waliomo. Hakuna jibu lolote linaloweza kuuzuia mlipuko ule. Unaachiwa kuamua tu kama umuue, umfukuze au uendelee naye. Wengi walimchukia, na mimi nililia kwa hasira. Lakini dhambi ya Anders ilibaki kuwa ya Anders. Nilikuwa nimedanganywa, basi. Kwa Jumin ni tofauti: kila hatua aliyonibana ilipitia kwenye kidole changu mwenyewe, na mwisho mbaya niliupata kwa juhudi zangu za kuwa mwema. Ndiyo maana ninamweka juu ya Anders kama kazi ya uandishi, ingawa alichofanya Anders ni kikubwa zaidi.

Sasa nifike pale mchezo ulipoteleza. Mara ya tatu nilifanya kila kitu ipasavyo. Nilimjibu kwa uthabiti, niliandikiana barua pepe na wageni wa hafla mpaka wakapatikana 10 na zaidi, kwa kuwa idadi hiyo ndiyo inayotenganisha mwisho mwema na ule wa kawaida, na nikafika siku ya 11. Jumin amefunguka, hila za Sarah zimeanikwa hadharani, na hadithi inaishia kwenye posa. Posa ile nilitamani iniume kwa furaha, lakini iliniacha na swali. Zile siku nilizozuiliwa mle ndani zimekwenda wapi? Anakiri kuwa alikosea, ndiyo, lakini kukiri kunapita haraka mno, kisha inakuja pete, na mchezo unafunika kombe mwanaharamu apite. Hakuna sehemu ninayopewa nafasi ya kumwambia kwamba nimemsamehe lakini sitaolewa naye sasa, kwamba nirudi kwangu kwanza, tuonane baada ya miezi sita, nimtazame. Mchezo ulionifundisha kwa siku nzima nzima kwamba hapana yangu ni ya lazima ulininyima hapana ya mwisho, iliyokuwa kubwa kuliko zote. Kwa mtu kama mimi, ambaye ameona wanawake wa ukoo wake wakirudishwa kwa waume zao baada ya kikao kimoja cha wazee na maneno matamu ya saa moja, upungufu huo si mdogo.

Kuna upungufu mwingine, mwepesi zaidi. Kwa kuwa magumzo yanafuata saa za kweli, mtu mwenye kazi na mtoto atayakosa mengi, na katika njia hii kukosa magumzo kunaweza kukutupa kwenye mwisho mbaya hata kama majibu yako ni mazuri. Ninachokishauri ni kuanza njia ya Jumin ukiwa likizo, simu iwe na chaji usiku, na usisome kokote orodha ya majibu sahihi kabla ya kucheza mara ya kwanza. Ukiipata orodha utafika kwenye posa bila tatizo, lakini hutajua ni lipi ungelichagua wewe mwenyewe saa 9 usiku.

Kama ningetakiwa kutoa alama, ningeipa njia hii 8 kati ya 10, na hizo 2 nimezikata kwenye posa peke yake.

Baada ya hapo nilirudi nyuma na kuicheza njia ya Jaehee, ambayo wengi huiruka kwa sababu haina mapenzi, ina urafiki tu. Jaehee ndiye msaidizi wa Jumin. Ndiye anayeletewa kazi usiku, ndiye anayeachiwa paka bosi anaposafiri, na manyoya ya Elizabeth wa 3 hujaa kwenye nguo zake. Jumin ni yule yule, sauti ni ile ile, ila safari hii hanipendi na wala hana sababu ya kunifurahisha. Nilimsikia akimwagiza Jaehee kazi juu ya kazi kwa utulivu ule ule aliomjibia Zen, nikamtambua mara moja. Jaehee alipoacha kazi, na hadithi ikaishia kwenye duka la kahawa tulilolifungua sisi wawili, nilimpigia wifi yangu simu hapo hapo, nikamwambia kwamba nimempata mtu aliyeondoka.