Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere: ninavyowapitisha ndugu zangu

Ninakaa Ukonga, Dar es Salaam, karibu na Banana, jirani na uwanja, kwa hiyo kila ndugu anayesafiri kwa ndege hulala kwangu usiku wa mwisho. Wanatoka Tanga, Handeni, Muheza, wengine Mbagala tu hapa hapa mjini lakini wanaogopa foleni. Nimewasindikiza wajomba, wakwe, mabinti wanaokwenda kuolewa, na mwaka jana nilimsindikiza mama yangu mzazi aliyekuwa anakwenda Maskati kwa kaka yangu. Ana miaka sabini na minne na magoti yanamsumbua. Safari ile ndiyo iliyonifanya niandike haya, maana nilitaka aupite uwanja bila kuhangaika hata dakika moja, na mambo mengi niliyopanga yalianzia nyumbani, kabla hata ya kuuona uwanja.

Nianze na saa, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wanapoumia zaidi kuliko popote. Tiketi inaandikwa kwa saa za kizungu. Ikisema 07:30 hiyo ni saa moja na nusu asubuhi. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa na usaili wa kazi Mwanza, akaniambia kwa simu, "Mama mkubwa, ndege ni saa saba na nusu, nitatoka saa nne." Sikumuuliza zaidi. Saa nne asubuhi akiwa anapiga pasi shati lake, ndege ilikuwa imekwisha kutua Mwanza. Kijana alikaa kitandani akalia, na mimi nililia naye, kwa sababu swali moja tu lingemwokoa. Tangu siku hiyo hakuna anayelala kwangu kabla sijaiona tiketi kwa macho yangu, na ninaiandika saa kwa Kiswahili kwenye karatasi ninayoibandika mlangoni.

Ugumu unazidi kwa ndege za usiku wa manane, na ndege nyingi za nje hapa Dar ni za usiku. Ya mama iliandikwa Jumatano, 02:40. Kwetu hiyo ni saa nane na dakika arobaini, usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Kaka yangu kule Maskati, aliyekaa huko miaka mingi, naye alikuwa ameshajiandaa kumpokea siku isiyo yake. Kwa hiyo hesabu iwe hivi: Jumanne jioni mizigo iwe imefungwa, saa nne na nusu usiku mnatoka nyumbani, saa tano mko mlangoni. Safari ya nje nawapa watu saa tatu kabla, ya ndani saa mbili. Kaunta za kukabidhi mizigo hufungwa ndege ikiwa bado ipo chini, na zikishafungwa zimefungwa.

Jambo la pili ni jengo. Watu wanasema "nipeleke Airport" kana kwamba ni nyumba moja. Kuna majengo matatu. Jengo la kwanza ndilo kongwe, la ndege ndogo na za kukodi. Anayekwenda mbugani kwa ndege ya watu kumi na wawili aulize vizuri, huenda safari yake ikaanzia huko. Jengo la pili lilifunguliwa mwaka 1984, na kwa miaka mingi ndilo lililobeba kila kitu, wa Bukoba na wa Dubai mlango mmoja. La tatu lilifunguliwa Agosti 2019, limejengwa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka, na safari za nje ya nchi zikahamia huko. Msijitungie sheria kwamba ndani ni la pili na nje ni la tatu, halafu mkaondoka nyumbani kwa imani hiyo. Piga simu kwa shirika la ndege siku moja kabla, uliza jengo, mwambie dereva. Nilishawahi kumshusha shemeji yangu jengo la pili wakati ndege yake ilikuwa la tatu, kosa langu mwenyewe, na kutoka moja hadi jingine si mwendo wa mtu mwenye mabegi mawili na mtoto mgongoni. Tulipata bajaji kwa bahati.

Sasa barabara. Kutoka Posta, katikati ya mji, hadi uwanjani ni kama kilomita kumi na mbili tu, na watu wa mikoani wanadanganywa na hizo kilomita. Kinachoamua ni saa unayotoka na upande unaoelekea. Asubuhi watu wa Gongo la Mboto, Chanika na Ukonga wanamiminika mjini, kwa hiyo anayetoka mjini kwenda uwanjani anakwenda kinyume cha foleni na anafika haraka. Jioni kibao kinageuka. Kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku mji mzima unarudi nyumbani kupitia Barabara ya Nyerere, na wewe uko katikati yao. Kama ndege yako ni ya saa nne usiku na unatokea Mikocheni au Masaki, usingoje hadi saa kumi na moja ndipo uondoke. Toka mapema, hata kama utakaa uwanjani ukisoma gazeti.

Daraja la Mfugale pale Tazara lilipofunguliwa Septemba 2018 lilitupunguzia mateso makubwa. Wanaokumbuka makutano yale kabla ya daraja, trafiki akiwa amesimama katikati na mkono juu, wanajua ninachosema. Lakini daraja halizuii mvua. Masika, Machi hadi Mei, Bonde la Msimbazi likifurika pale Jangwani na Barabara ya Morogoro ikafungwa, magari yote yanatafuta njia nyingine, na foleni inakuja kwetu. Siku ya mvua kubwa mimi huongeza saa nzima juu ya hesabu yangu.

Wanaotoka mikoani kwa basi nina neno moja la kuwaambia, na hili nimelifanyia kazi mara nyingi. Ukishuka kituo cha Magufuli pale Mbezi, usikubali kupelekwa mjini kupitia Ubungo ndipo urudi tena Barabara ya Nyerere. Ipo barabara ya lami ya Mbezi, Malamba Mawili, Kinyerezi, inayotokea huku kwetu Banana. Ukifika Banana uwanja uko jirani. Mama alitoka Tanga na basi la asubuhi, nikamfuata Mbezi, tukapita Kinyerezi, na alifika kwangu chakula cha mchana hakijapoa. Dereva asiyeijua njia hiyo mwambie wewe.

Daladala za Gongo la Mboto zinapita mbele ya uwanja, na nauli haifiki shilingi elfu moja. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni na safari ya mchana, sioni sababu ya kutupa hela nyingine. Akishuka kituo cha Airport atatembea au atachukua bajaji hadi mlangoni. Kwa mzee, kwa mizigo, kwa usiku, sikubali. Mimi nina dereva wa teksi wa mtaani kwetu ninayemlipa mbele ya mlango, bei tunakubaliana jioni kabla hajawasha gari. Wanaotumia teksi za kuita kwa simu, iteni mapema, maana usiku wa manane dereva anaweza kukubali safari kisha akaighairi, na hilo limewahi kunikuta nikiwa na mgeni amesimama barazani.

Mizigo pima nyumbani. Duka la nafaka la jirani lina mzani na mwenye duka hakatai. Mimi nilinunua ule mdogo wa kuning'iniza, unakaa droo ya jikoni. Mama alikuwa amekuja na achari ya maembe kwenye chupa kubwa ya kioo, dagaa, unga wa muhogo na mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe. Achari na mafuta alitaka aende navyo mkononi visivunjike. Nikamweleza kwamba kitu cha majimaji kikizidi mililita mia moja hakipiti kwenye ukaguzi wa begi la mkononi, kitaachwa pale pale. Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye ninayemnyang'anya. Tukaifunga chupa kwenye nguo, tukaweka ndani ya kanga mbili, ikaenda kwenye begi kubwa, na ilifika nzima. Betri ya akiba ya kuchajia simu ni kinyume chake: hiyo haitakiwi kwenye begi kubwa, ikae mkononi. Kombe za baharini na matumbawe, hata uliyookota mwenyewe ufukweni, acha nyumbani.

Na mzigo wa mtu usiubebe. Mabinti wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi wanaombwa na watu wasiowajua vizuri, "nipelekee hii bahasha, nipelekee hizi nguo." Begi lililo na jina lako ni lako mbele ya askari wa nchi yoyote. Ninalisema hili kwa ukali kila mara mbele ya mlango wangu, na sioni haya.

Mlangoni msindikizaji anabaki nje. Anayeingia ni mwenye tiketi na pasipoti, na mizigo inapita kwenye mashine hapo hapo mwanzo. Kwa hiyo kuagana, dua, picha na machozi vimalizikie nje, au vizuri zaidi nyumbani. Tiketi ya mama niliichapisha kwenye karatasi, nikaibana na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ndani ya kipochi kimoja anachokivaa shingoni. Simu ya mzee inaweza kuzima, karatasi haizimi.

Kiti cha magurudumu kinaombwa kwa shirika la ndege wakati wa kukata tiketi, na hakilipiwi. Wengi hawalijui hili, na wanaojua wanaona aibu. Mama alikataa kwanza: "Mwanangu, mimi si mgonjwa." Nikamwambia ngazi za umeme na mwendo mrefu wa kufika lango la ndege vitamla magoti kabla hajafika kwa mwanawe. Alikubali. Kijana aliyekuja kumchukua alimwamkia shikamoo, akamwuliza ametokea wapi, na wakaondoka wakizungumza habari za Tanga. Nilimshukuru Mungu kwa kijana yule.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya jengo la tatu ni nzuri. Ni kubwa, lina hewa, lina mwanga, na mzee anatoka jengoni hadi ndani ya ndege kwa daraja lililofunikwa, pasipo kupanda ngazi za nje kwenye upepo. Ukubwa wenyewe ndio gharama yake, maana miguu inafanya kazi. Jengo la pili ni dogo, na kwa anayekwenda Mwanza au Mbeya udogo huo ni faida, unaingia na kufika upesi. Chakula kila mahali ndani ya uwanja si cha bei ya mtaani. Kula ushibe nyumbani. Chupa ya maji iwe tupu hadi ukishamaliza ukaguzi.

Wanaokuja kutoka nje nao wajue kwamba mifuko ya plastiki, ile tunayoita rambo, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Zawadi zifungwe kwenye mabegi ya nguo. Laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo mgeni aje na pasipoti mkononi. Ukimpokea mtu, kubalianeni mapema mahali pa kukutania, maana wasubiriaji ni wengi na kila mmoja anapunga mkono.

Usiku ule baada ya mama kuingia sikuondoka. Dereva aliegesha, tukakaa. Huwa siondoki mpaka msafiri wangu anipigie kuwa amekwisha kugongewa muhuri wa uhamiaji, kwa sababu likitokea jambo, karatasi imesahaulika au mzigo umezidi, mimi ndiye wa kuurudisha nyumbani. Saa sita na robo simu ikaita. "Nimeshapita, mwanangu. Nimekaa. Miguu haiumi. Nenda kalale."